Chombo cha Kusafiria Zama na Namna ya Kukiunda kwa Mchezo wa Mezani

Katika michezo ile ambayo watu wanne au watano huketi kuizunguka meza moja, kila mmoja akajitwalia nafsi ya mtu wa kubuni akaisemea na kuitendea, ilhali mwingine mmoja akawa mwendeshaji, ambaye hueleza ulimwengu ulivyo na kuyaamua matokeo kwa msaada wa dadu, hakuna kitu kinachotamaniwa sana na kuogopwa sana kama chombo kiwezacho kusafiri katika zama. Hutamaniwa kwa sababu huifungua milango yote ya tarehe kwa mara moja, hata jamaa waliokula chakula cha mchana katika karne ya 14 wakaweza kulala usiku katika karne ya 19. Na huogopwa kwa sababu mlango ule ule umpelekao mchezaji popote ndio umwondoleao kila shaka, maana asiyeweza kuchelewa hana haja ya kwenda mbio, na aliyefiwa na mwenziwe anaweza kurudi nyuma kwa saa moja akamnyakua katika kinywa cha mauti, na baada ya kumnyakua mara mbili au tatu, mauti yenyewe huwa hayana maana tena pale mezani. Basi swali lililo mbele yetu ni hili: chombo cha namna hiyo kiundweje ili kiipanue hikaya bila ya kuiua? Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa mifano, ni kwamba kazi ya kukiunda ianzie katika mambo kisichoyaweza, na kwamba mambo hayo yawe sharia iliyo wazi mbele ya kila mchezaji, wala yasiwe siri iliyofichwa kifuani mwa mwendeshaji peke yake.

Fikira ya kusafiri katika wakati kwa chombo kilichoundwa na mikono ya binadamu, badala ya kwa ndoto, usingizi mrefu au muujiza, ni changa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa haikupata umbo kamili ila katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1887 mwandishi wa Kihispania, Enrique Gaspar, alitoa huko Barcelona riwaya iitwayo El anacronópete, ambayo ndani yake mna chombo kikubwa kiendacho kwa nguvu za umeme na kuchukua kundi zima la abiria. Na miaka 8 baadaye, mwaka 1895, Mwingereza H. G. Wells akatoa The Time Machine, ambayo mtambo wake ni mdogo, una kiti kimoja na vishikio viwili, na humchukua msafiri mmoja tu. Ulimwengu ulimfuata Wells ukamsahau Gaspar. Walakini muundaji wa chombo cha mchezo hana budi kujifunza kwa wote wawili, kwani kwa Gaspar atapata merikebu iliyo na nafasi ya watu wengi, ambayo ndiyo inayofaa meza ya watu watano, na kwa Wells atapata ustadi wa kuweka mpaka.

Gaspar mwenyewe hakuwa mtu wa kupuuza mipaka. Alitambua kwamba msafiri arudiye nyuma katika miaka angepaswa kupungukiwa na umri kadiri chombo kinavyokwenda, hata akawa mtoto, kisha asiwepo kabisa, na kwa ajili hiyo akabuni kinga maalumu ya kuwahifadhi abiria; na mara tu alipoiweka kinga hiyo, akapata pia mambo ya kusimulia kuhusu vitu na watu ambao kinga haikuwafikia. Lakini mfano ulio bora zaidi umo katika Wells. Mtambo wake husafiri katika wakati tu, hauondoki mahali ulipo. Uliposimama katika chumba cha kazi cha mwenyewe huko Uingereza, papo hapo ndipo unapotokea katika mwaka 802,701, isipokuwa chumba kimekwisha toweka na pana uwanja wa majani. Msafiri, kwa tahadhari, huvifungua vile vishikio viwili akavitia mfukoni ili mtu asiuendeshe mtambo, lakini hakufikiri kwamba mtambo usioweza kuendeshwa unaweza kukokotwa, na viumbe wa zama zile wakaukokota hadi ndani ya msingi wa sanamu kubwa iliyokuwa karibu. Hapo pana wizi, pana hofu, pana sababu ya msafiri kukaa katika nchi asiyoijua na kuijua, na yote yamezaliwa na sharia moja ya awali. Kisha anaporudi kwake, mtambo hausimami pembeni ulikotokea bali katika pembe ya pili ya chumba, mbali na mwanzo wake kwa umbali ule ule uliokokotwa. Mwandishi hakuhitaji kubuni jambo jipya. Aliiacha sharia yake ifanye kazi mpaka mwisho, na sharia ikamletea ushahidi.

Chombo mashuhuri kuliko vyote kilikuja kwa njia ya televisheni. Tarehe 23 Novemba 1963 BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa Doctor Who, ambao chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, cha namna ile iliyokuwa ikisimama katika mitaa ya Uingereza wakati huo, na kwa ndani ni jumba lisilo na kiasi. Kilitakiwa kujibadili umbo kulingana na kila mahali kinapotua, lakini kiungo chake cha kujibadili kiliharibika, kikabaki kuwa kibanda katika jangwa na kibanda katika kasri la mfalme. Na katika miaka ile ya kwanza hakikumtii mwenyewe, hata abiria wake hawakuwa na yakini ya kufika walikokusudia. Ubovu huu wote ulifaa sana. Umbo moja lisilobadilika lilipunguza gharama za watengenezaji, na usukani usiotii uliwafanya abiria kuwa wageni wa kweli kila walipofika, kwa sababu mtu aliyetupwa mahali na chombo chake hana budi kuuliza kwanza yuko wapi na yuko kwa nani.

Watu wengi waundao vyombo kwa michezo ya mezani huchukua TARDIS kuwa kigezo, wakabadilisha kibanda kikawa sanduku au treni, na wakadhani kazi imekwisha. Mimi naona kwamba hapo pana hitilafu kubwa iliyojificha. Katika tamthilia, ubovu wa chombo umo mikononi mwa mtunzi: hukiharibu anapotaka abiria wakwame, na hukitengeneza anapotaka waondoke, na mtazamaji haoni uonevu kwa kuwa yeye hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Mezani si hivyo. Mchezaji ni mwamuzi wa matendo yake. Aliyefikiri kwa nusu saa jinsi ya kutoroka gerezani na kukimbilia chomboni, kisha akaambiwa na mwendeshaji kwamba leo chombo kimegoma, ameporwa tunda la akili yake, na juma lijalo hatafikiri tena kwa bidii ile ile. Ubovu ulio hiari ya mtu mmoja huua fikira za wengine. Ubovu uliotangazwa tangu mwanzo, ukaandikwa, ukapimika, huzichochea, maana mchezaji anaweza kuujengea hila, kuuzunguka, kuulipia, au kuukubali kwa macho wazi.

Hali hiyo ilieleweka mapema na waliounda michezo ya vyombo vya angani. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyoianzisha sanaa hii kama tunavyoijua, ilitoka mwaka 1974, na baada ya miaka 3 tu Marc Miller akatoa Traveller, ambayo ndani yake merikebu ya kwenda katika nyota ina bei, uzito, mafuta, vyumba na, la ajabu kuliko yote, rehani. Atakaye merikebu hutanguliza sehemu moja katika tano ya bei, kisha hulipa kila mwezi sehemu moja katika 240 ya bei ile, kwa miezi 480, yaani miaka 40. Basi merikebu ya thamani ya milioni 24 hudai laki moja kila mwezi, na wachezaji ambao jana walikuwa wakijiona huru chini ya mbingu zote hujikuta leo wakigombania shehena ya ngano, wakisikiliza shauri la mtu wasiyemwamini kwa sababu analipa taslimu, na wakiruka kwenda bandari nyingine wakijua kwamba kila mruko utakula kama juma moja la maisha yao. Hakuna adui aliyebuniwa, wala hakuna mwendeshaji aliyemlazimisha mtu; deni peke yake limewatoa nyumbani. Naihesabu rehani hiyo kuwa mojawapo ya mambo bora yaliyopata kufikiriwa katika michezo hii, na nashangaa ni wachache wanaolifikiria jambo kama hilo waundapo chombo cha zama.

Pengine wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Deni hula wakati, na mwenye chombo cha zama anaweza kulikimbia: arudi kabla ya siku ya kulipa, aweke dinari moja katika hazina ya karne ya 15 aje kuichukua na faida yake yote, au afike jana akiwa na fedha za kesho. Jibu ni kwamba deni la chombo cha zama lisihesabiwe kwa kalenda ya dunia, bali kwa umri wa mabaharia wenyewe. Kila mhusika ana wakati mmoja usiorudishwa, nao ni ule anaouishi katika mwili wake. Tuseme amekwenda mbele miaka 300 na kurudi miaka 500, lakini ikiwa amekaa katika safari zake miezi 6, basi ndevu zake zimekua kwa miezi 6. Waundaji wa mchezo wa Continuum, uliotoka mwaka 1999, waliliona hili kwa undani kupita wengine. Wasafiri wao hawana chombo hata kimoja, husafiri kwa uwezo wa nafsi zao, na kwa sababu hiyo kila mmoja hulazimika kutunza hesabu ya maisha yake kwa uaminifu: alichokwisha kukitenda, na alichokwisha kujua kwamba atakitenda ingawa bado hajakitenda. Anayekwenda kinyume cha hesabu hiyo nafsi yake huanza kuraruka. Mchezo ni mgumu, na karatasi zake ni nyingi kuliko wanavyopenda watu waliokuja mezani baada ya kazi, lakini fundisho lake la umri wa mtu kuwa sarafu isiyoghushika linafaa kuhamishiwa katika chombo chochote.

Michezo mingine nitaipita kwa haraka. Timemaster ya mwaka 1984 iliwafanya wachezaji kuwa askari wa kulinda mwenendo wa historia, na huko chombo si zaidi ya kifaa cha kuwafikisha kazini. Doctor Who yenyewe imefanywa mchezo zaidi ya mara moja, kwanza na kampuni ya FASA mwaka 1985, na baadaye na Cubicle 7 mwaka 2009. Katika huo wa pili kuna kanuni moja nzuri inayostahili kutajwa, kwamba inapotokea hatari wanaotaka kusema hutangulia, kisha wanaotaka kukimbia, kisha wanaotaka kufanya jambo, na wanaotaka kupigana huwa wa mwisho. Kanuni hiyo si ya chombo, lakini imefanya kazi ambayo chombo nacho kingepaswa kuifanya: imewaambia wachezaji, bila ya kuwahubiria, ni watu wa namna gani wanaotakiwa safarini.

Mintarafu ya elimu ya maumbile, muundaji asiwe mtumwa wake wala asiidharau. Tangu Einstein mwaka 1905 imejulikana kwamba saa iendayo kasi huenda polepole kuliko iliyotulia, na mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria wakaiona tofauti hiyo kwa vipimo. Basi kwenda mbele si muhali. Kurudi nyuma ndiko kwenye mashaka. Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba hesabu za Einstein zinaruhusu ulimwengu unaozunguka ambao ndani yake njia ya kwenda mbele huweza kumrudisha mtu katika jana yake, na mwaka 1988 Morris, Thorne na Yurtsever wakaandika juu ya mashimo yanayounganisha sehemu mbili za anga, ambayo yangeweza kugeuzwa kuwa mtambo wa kurudi nyuma, ila hayawezi kumpeleka mtu kabla ya siku mtambo wenyewe ulipofanyika. Hilo la mwisho ni zawadi kwa muundaji: chombo kisichoweza kufika kabla ya siku ya kuzaliwa kwake kina mwanzo, na siku ile ya mwanzo hugeuka kuwa mahali patakatifu, pa kulindwa na kushambuliwa. Tena kuna jambo la dunia yenyewe, ambayo hulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita kama 30 kwa sekunde, hata kwamba aliyerudi nyuma saa moja bila ya kuandamana nayo angejikuta katika utupu, kilomita 108,000 mbali na nchi kavu. Sentensi moja yatosha hapa: chombo kimefungwa na dunia kama nanga ilivyofungwa na merikebu. Mchezaji atakayeuliza zaidi na ajibiwe kwa heshima baada ya mchezo.

Sasa niingie katika chombo chenyewe, nikieleza kimoja nilichokiunda kwa ajili ya meza ya wachezaji wa pwani, ambacho hikaya zake zimo katika Bahari ya Hindi baina ya karne ya 14 na ya 19. Nimekiita Dahari, nacho ni mtepe, yaani chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari wa chuma, chenye tanga la mraba la miyaa. Sikuuchagua mtepe kwa mapenzi ya mambo ya kale tu, ijapokuwa mapenzi hayo ninayo. Niliuchagua kwa sababu vyombo vya kushonwa vilikuwapo katika bahari hii kwa karne nyingi, na mtepe haukutoweka ila mwanzoni mwa karne ya 20. Basi chombo cha namna hiyo kinaweza kutia nanga Kilwa katika zama za sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na kikatia nanga Lamu katika zama za Sayyid Said, pasiwe na mtu wa kukikodolea macho. Kibanda cha polisi hujificha katika mtaa mmoja wa karne moja. Mtepe hujificha katika karne tano bila ya mtambo wowote wa kujigeuza. Lakini ukivuka mpaka, ukatokea mbele ya gati la Zanzibar mwaka 1960, watu watakusanyika, na waandishi wa habari watakuja. Hivyo umbo peke yake limekwisha kueleza wapi chombo ki salama na wapi ki hatarini.

Sharia yake ya kwanza ni upepo. Kila mtu wa pwani ajua kwamba kaskazi huvuma tangu kama Desemba hata Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, na kwamba kusi hushika baadaye ikavirudisha. Katika mchezo, Dahari hurudi nyuma katika zama kwa kaskazi tu, na huenda mbele kwa kusi tu. Aliyekawia bandarini mpaka upepo ukageuka hana njia isipokuwa kuungoja msimu mwingine, na miezi ile ataiishi katika mwili wake, ataitafutia riziki, na ataiandika katika karatasi yake kuwa nusu mwaka wa umri uliopita. Hapo haraka imerudi katika hikaya, na haikurudishwa kwa kuambiwa na mwendeshaji, bali kwa jambo ambalo wazee wetu mabaharia waliliishi kila mwaka.

Sharia ya pili ni kwamba chombo hakiingii mara mbili katika msimu mmoja. Msimu ambao Dahari imekwisha kuwapo umefungwa kwake daima; ikielekea huko, hupelekwa mbele mpaka msimu ulio wazi. Kwa sharia hii fupi mtu hawezi kukutana na nafsi yake, wala kuirudia saa iliyomshinda, na mabishano yanayoweza kula jioni nzima huisha kabla ya kuanza. Kuhusu ubora wa shabaha, rubani hurusha dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, na tofauti baina yao ndiyo idadi ya misimu ambayo chombo kimepotoka. Nyekundu ikizidi kimewahi mno, nyeupe ikizidi kimechelewa. Katika njia 36 za kuanguka kwa dadu, njia 6 hukifikisha barabara, njia 10 hukipotosha kwa msimu mmoja, njia 8 kwa misimu miwili, na zilizobaki hupungua hata njia 2 tu za kupotoka kwa misimu mitano, ambayo ni miaka miwili na nusu. Mchezaji anayaona hayo kabla ya kutweka tanga. Anajua kwamba kufika wakati ule ule alioutaka ni bahati ya moja katika sita, na akiamua kwenda, ameamua yeye.

Sharia ya tatu ndiyo niipendayo zaidi, nayo ni daftari. Mmoja wa wachezaji ni karani wa chombo, na kila kabla ya kung'oa nanga huandika mistari isiyozidi mitatu, akiisoma kwa sauti mbele ya wenziwe. Lililoandikwa limekuwa, halitanguki. Lisiloandikwa li wazi. Tuchukue mfano. Serahangi wa chombo amepigwa mkuki gatini Kilwa, ameanguka majini usiku, na hakuna aliyeiona maiti yake. Karani ameshika kalamu. Akiandika kwamba serahangi amekufa, basi amekufa, na mchezaji wake ataanza mhusika mwingine. Akiandika tu kwamba ameanguka majini, mlango umebaki wazi, na huenda katika msimu ujao wakamkuta ameokotwa na wavuvi, au amefanywa mateka, au ameoa na hataki tena kusafiri. Lakini kila lililoachwa wazi kwa ajili ya wachezaji limeachwa wazi kwa ajili ya mwendeshaji pia, na yule aliyemchoma mkuki naye hakuandikwa kuwa ameshindwa. Kwa hiyo pale mezani huzuka mjadala wa kweli, watu wakiinamia karatasi moja, wengine wakisihi iandikwe ili waomboleze na kuendelea, wengine wakisihi isiandikwe. Na sijaona njia nyingine ya kuwafanya watu wazima wajadili juu ya mauti ya mtu wa kubuni kwa uzito kama huo.

Umbo la ndani halitaki maneno mengi. Muundaji na achore ramani ya chombo kwa mkono wake, lakini asichore mahali pasipokuwa na kazi. Dahari ina sehemu nne tu: tezi penye usukani, omo pa kutazamia, jiko lililo juu ya sanduku la mchanga, na ngama. Vyombo vya kushonwa huvuja, na lazima daima pawe na mtu wa kufua maji. Mimi nimeugeuza uvujaji huo kuwa neema ya mchezo, maana chombo kinapopita baina ya zama, maji yaingiayo ngamani ni maji ya miaka inayopitwa, na mchezaji ambaye ni zamu yake kufua huambiwa na mwendeshaji, kwa kunong'onezwa, kitu kimoja alichokiona kikielea: kigae cha Kichina, ubao wa sanduku wenye alama ya msalaba, kamba iliyoungua. Yeye huamua kuwaambia wenzake au kunyamaza. Kazi iliyokuwa duni kuliko zote chomboni imekuwa ndiyo inayogombewa.

Limebaki jambo zito, ambalo sharia za upepo na dadu hazilitoshelezi. Wachezaji wangu walikaa Kilwa mwaka 1331, mwaka aliofika Ibn Battuta, wakajua majina ya watu, wakala katika nyumba zao, wakaona jengo la Husuni Kubwa likiitazama bahari. Na kila aliyesoma shule ajua kwamba mwaka 1505 merikebu za Kireno za Francisco de Almeida ziliuteka na kuupora mji ule. Mara tu chombo cha zama kinapokuwa mikononi mwa watu wenye nyoyo, watataka kwenda kuzuia. Wako waundaji wanaojibu kwamba historia ni chuma na haiguswi, na wako wanaojibu kwamba ni udongo na hufinyangwa utakavyo. Jibu la kwanza huwafanya wachezaji watalii katika misiba ya watu, na la pili huifanya misiba ile kuwa jambo jepesi, ambalo lingeepukwa kama wenyewe wangekuwa hodari zaidi, na hilo ni kuwadhulumu waliokufa. Mimi nimeamua hivi: yale yanayojulikana na wote mezani yahesabiwe kuwa yamekwisha andikwa daftarini kabla ya mchezo kuanza, basi merikebu za Almeida zitafika, lakini daftari la ulimwengu halikuandika jina la kila mtu na mwisho wake, na hapo mkono wa wachezaji haukufungwa. Ndiyo sababu niliandika katika karatasi ya chombo kwamba Dahari huchukua abiria 12, hawazidi hata kwa mtoto mmoja. Idadi hiyo, ambayo katika safari nyingine ni hesabu ya nauli na mchele, katika Julai ya 1505 huwa ndiyo swali zima, na nawasihi waundaji wenzangu wasiache kuiweka idadi kama hiyo katika vyombo vyao, wala wasiilegeze siku itakapowauma.

Wengine hupenda chombo chao kiwe na akili na sauti, na mfano wa TARDIS umewatia moyo, kwa kuwa katika tamthilia ile chombo kimekuja kuonekana kuwa kiumbe chenye matakwa yake. Sina ugomvi na hilo, ila kwa sharti moja linalotokana na yote niliyoyasema. Sauti ya chombo ikikaa kwa mwendeshaji, itakuwa kamba ya kuwavutia wachezaji anakotaka, na kile kilichokuwa chao kitageuka kuwa mlinzi wao. Katika meza yangu, wajibu wa kuisemea Dahari huzunguka: kila juma mchezaji mwingine hupewa karatasi yake pamoja na ya mhusika wake, na katika karatasi hiyo chini ya zile sharia tatu kuna nafasi ya haja moja, ambayo msemaji wa juma huiandika mwenyewe kabla ya dadu kurushwa. Mmoja aliandika kwamba Dahari inataka kupakwa shahamu mpya kabla ya kusi kushika. Mwingine aliandika kwamba haitaki kurudi Kilwa, na hakutaka kusema ni kwa nini, nasi mpaka sasa tunaendelea na mchezo huo bila ya kujua.